Deni la Kaditama

Mtunzi wa utenzi, kwa desturi ya pwani yetu, hamwachi msikilizaji wake njia panda. Aghalabu akishamaliza kisa hurudi akajitaja jina, akaeleza siku aliyoweka kalamu chini, pengine akahesabu na beti alizozitunga, kisha akatia kaditama. Neno hilo tumelirithi kutoka Kiarabu, na maana yake ni kwamba jambo limetimia. Wako wanaoiona hesabu ile ya beti kuwa ni majivuno ya mtunzi. Mimi naiona kuwa ni hati ya makabidhiano. Mnakili wa baadaye ataitambua nakala iliyopungua, na msikilizaji ataelewa kwamba alichopewa ndicho chote, hakuna kilichofichwa uvunguni. Hata mtambaji wa ngano aliyeanza kwa paukwa, akaitikiwa pakawa, hanyanyuki mkekani kabla ya kutamka kwamba hadithi yake imekwisha.

Je, aliyeanza kisa hadharani, akawakalisha watu kitako wamsikilize, ana deni la kukimaliza? Na akishindwa kukimaliza, tuseme amekosa, au tuseme amepatwa na mkasa tu kama apatwavyo mtu mwingine yeyote? Swali hili ni la kale, lakini katika zama zetu haliulizwi kwa uchungu mwingi na wasomaji wa mashairi wala wa riwaya. Waliolishika kwa mikono miwili ni wachezaji wa michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huiita gemu.

Najua baadhi ya wapenzi wa ushairi watakunja uso. Watauliza, tangu lini mchezo wa kubonyezabonyeza vidude ukawekwa mizani moja na utungo? Nami sikuwa mchezaji, na umri wangu hauniruhusu kujifanya mmoja wao. Niliyoyajua nimeyapata kwa kusoma, na kwa kuketi nyuma ya mpwa wangu akicheza. Lakini mingi ya michezo hiyo ni visa. Ina watu na miji, ina viapo na misiba. Ina waandishi walioajiriwa kuitungia maneno. Tofauti yake na utenzi ni kwamba msikilizaji haketi akasikiliza tu, bali humbeba mhusika mabegani na kutembea naye kwa makumi ya saa. Kwa hiyo kisa kinapokatika, aliyeachwa njiani si mhusika peke yake.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri kuliko yote. Tarehe 29 Desemba 1999 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo uitwao Shenmue, uliobuniwa na Yu Suzuki kwa ajili ya mashine yao ya Dreamcast. Kisa kinaanza mwishoni mwa Novemba 1986 katika mji wa bandari wa Yokosuka. Kijana Ryo Hazuki anarejea nyumbani na kumkuta baba yake, mwalimu wa sanaa ya kupigana, akikabiliwa na mgeni kutoka China aitwaye Lan Di. Baba anauawa mbele ya macho ya mwanawe, na muuaji anaondoka na kioo cha kale chenye nakshi ya joka. Ryo anaapa kulipa kisasi.

Hapo mtu angetarajia mapigano yasiyo na pumziko. Badala yake mchezaji hupewa mji mzima wa kuishi ndani yake. Hugonga milango ya majirani, huwauliza mabaharia habari, humlisha paka mchanga aliyefiwa na mama yake, hupata kibarua bandarini cha kuendesha gari la kunyanyulia mizigo. Akiambiwa aje saa fulani, hana budi kuingoja saa hiyo ifike. Jua huchwa, mvua hunyesha. Waundaji walifika hadi ya kutumia kumbukumbu za hali ya hewa ya Yokosuka ya mwaka ule. Mwisho wa yote kijana anapanda meli kwenda Hong Kong kumfuata muuaji, na sehemu ya kwanza inakoma.

Suzuki alikusudia sura zaidi ya kumi. Safari yote hiyo ya Yokosuka ilikuwa sura moja tu. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2001, ikampitisha Ryo Hong Kong na Kowloon hadi milima ya Guilin, akakutana na msichana aitwaye Shenhua. Lakini Januari ya mwaka huohuo Sega ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba inaacha kuitengeneza Dreamcast. Kazi iliyogharimu, kwa kauli ya Suzuki mwenyewe, dola milioni 47, haikuleta faida iliyotarajiwa. Ryo akaachwa ndani ya pango, amesimama na Shenhua mbele ya sanamu kubwa ya kioo kile iliyochongwa mwambani. Humo alikaa miaka 18.

Mifano mingine ni mingi. Mwaka 2005 ilitoka Advent Rising, ambayo mwandishi mashuhuri Orson Scott Card alishiriki kuitunga; ilikusudiwa kuwa sehemu tatu, ikaishia moja. Mwaka 2006 kampuni ya Ritual Entertainment ya Texas ilizindua SiN Episodes, mfululizo wa sehemu tisa. Ilitoka moja, na mapema mwaka 2007 kampuni ikanunuliwa na nyingine iliyojishughulisha na michezo midogo ya kupitishia wakati, nane zilizobaki zikafa pasi na kuzaliwa. Mwaka 2008 ilitoka Too Human ya kampuni ya Silicon Knights ya Kanada, iliyoigeuza miungu ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya kuwa binadamu waliotiwa vyuma mwilini. Nayo ilitangazwa kuwa ya sehemu tatu. Waundaji wake walikuwa wameishitaki kampuni ya Epic Games, iliyowakodisha programu ya kuundia mchezo. Epic nayo ikawashitaki. Mwaka 2012 mahakama ikawapa Epic ushindi, na jaji akaamuru nakala zote ambazo hazijauzwa ziharibiwe. Hapo kisa hakikunyimwa mwisho tu, hata mwanzo wake uliamriwa kuteketezwa.

Nimezitaja sababu hizi makusudi, ili tusiwahukumu waundaji kwa mizani ya mshairi. Mshairi huhitaji karatasi, wino na utulivu wa moyo. Akiacha utenzi wake katikati, amezuiwa na maradhi, na uvivu, au na mauti. Mchezo wa video wa namna hii huhitaji mafundi kwa makumi na mamia, miaka kadhaa ya mishahara, na mashine ambayo watu watakuwa bado wanainunua siku mchezo utakapokamilika. Sehemu ya kwanza hubeba mzigo mzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayolipia zana zitakazotumika katika sehemu zinazofuata. Ikiuza kidogo, zana zinabaki na mafundi wanatawanyika. Isitoshe, aliyebuni kisa kwa kawaida si mwenye mali. Jina, wahusika na mji wao ni milki ya kampuni, naye akiondoka huondoka na kumbukumbu zake tu.

Basi mtu wa namna hii anaposema "tutaendelea", amesema nini?

Mpwa wangu, aliyeicheza Shenmue ilipotolewa upya mwaka 2018, ana jawabu fupi. "Mjomba," aliniambia, "ahadi ni deni. Wameniuzia mlango, nikaufungua, nyumba haipo." Sikuweza kulicheka neno lake. Lakini nilimwambia kwamba katika kauli yake amechanganya mambo matatu ambayo lugha yetu imeyapa majina matatu tofauti.

La kwanza ni nia. Mtu akisema amekusudia kujenga ghorofa tatu, kisha akaishia moja, hajamdhulumu mpita njia aliyependa kuitazama nyumba ikipanda. Nia ni ya mwenyewe, na kuitangaza hakumpi jirani haki juu yake.

La pili ni ahadi. Hii ni nia iliyokabidhiwa mtu mwingine, naye akaiegemea. Hapa mambo yanabadilika, kwa sababu aliyeegemea ametoa kitu: muda wake, uaminifu wake, pengine na fursa nyingine alizoziacha. Waungwana wetu waliposema ahadi ni deni hawakukusudia kila maneno yatokayo kinywani; walikusudia neno ambalo mwenzako amelifanya nguzo.

La tatu ni arubuni, yaani fedha itolewayo kabla ya bidhaa kukabidhiwa. Mtunzi anapoukata mwisho wa kisa chake kwa makusudi, ingawa angeweza kukifunga, ili mnunuzi arudi kesho na fedha nyingine, amekwisha kuipokea arubuni hiyo. Bei aliyotoza leo imebeba ndani yake thamani ya kitu ambacho hajakiunda. Anafanana na mchuuzi anayepokea fedha za samaki aliye bado baharini. Huenda akamvua. Lakini bahari ikichafuka hasara ni ya nani? Ikiwa ni ya mnunuzi peke yake, biashara hiyo ina walakini tangu mwanzo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mtunzi huru hana deni lolote kwa hadhira yake, na sikubaliani na mpwa wangu anayesema kila mwanzo ni deni la mwisho. Nia haidai. Ahadi hudai kwa kadiri ya watu walivyoiegemea. Arubuni hudai zaidi. Shida ni kwamba katika michezo hii mambo hayo matatu huuzwa ndani ya kasha moja, na mnunuzi haonyeshwi kipi ni kipi.

Tuutazame mfano mwingine, uliotofautiana na wa kwanza kwa jambo moja kubwa: hapa fedha hazikukosekana. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Half-Life mwaka 1998 na Half-Life 2 mwaka 2004. Baada ya kungojewa miaka sita, wakuu wake wakaona afadhali waendeleze kisa kwa sehemu fupi zitakazofuatana upesi. Ikatoka Episode One mwaka 2006, ikafuata Episode Two mwaka 2007, na ya tatu ikatajwa wazi kuwa ipo njiani. Ile ya mwaka 2007 inakatika mahali pabaya: mzee Eli Vance anauawa, binti yake Alyx amemwinamia akilia, kisha kiwambo kinakuwa cheusi na kilio kinaendelea kusikika gizani. Ya tatu haikutoka. Wala, kwa miaka mingi, hakuna aliyesimama akasema kwamba haitatoka.

Mwaka 2017 Marc Laidlaw, aliyekuwa mwandishi wa kisa hicho na ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka Valve, alichapisha barua. Aliiandika kana kwamba imetoka kwa mhusika mkuu mwenyewe, majina yakiwa yamebadilishwa, na ndani yake akasimulia mambo ambayo yangetokea katika sehemu ya tatu. Wengi walifurahi na kusema deni limelipwa. Mimi, ambaye nimekula miaka mingi nikifasiri mashairi ya wengine, nilisita. Nikikueleza kwa nathari kwamba shairi fulani linamlilia mama aliyefariki, na kwamba katika ubeti wa mwisho mshairi anazima taa, nimekupa habari za shairi, sijakupa shairi. Wachezaji hawakuahidiwa habari. Waliahidiwa kutembea wenyewe katika barafu hiyo na kufungua mlango huo kwa mikono yao. Barua ya Laidlaw ilikuwa ya thamani kubwa, ila thamani yake si ya malipo. Ilikuwa thamani ya namna nyingine, nami nitairudia.

Mwaka 2020 Valve walitoa Half-Life: Alyx, kisa cha wakati uliotangulia, ambacho dakika zake za mwisho zinakirudia kifo cha Eli na kukigeuza. Na mwaka 2024, katika filamu ya kuadhimisha miaka 20 ya Half-Life 2, waundaji hatimaye walieleza jinsi walivyoiacha sehemu ya tatu. Mkuu wao, Gabe Newell, alitoa hoja inayostahili kupimwa. Kwa maelezo yake, kukisogeza kisa mbele hakukuwa sababu ya kutosha ya kuunda mchezo, na kufanya hivyo tu kungekuwa ni kuukwepa wajibu wake kwa wachezaji. Yeye hakuona ni kitu gani kipya ambacho sehemu ile ingekileta.

Hapa ndipo penye fundo. Mpwa wangu anasema: wajibu ni kumaliza. Newell anasema: wajibu ni kutomaliza ovyo. Na kila mshairi anajua kwamba Newell hakukosea kabisa. Tumesoma tenzi ambazo mtunzi alichoka zikiwa katikati, naye akaendelea kwa sababu tu aliona haya kuacha; vina vinatimia, mizani haina kasoro, lakini ubeti umekufa. Kazi iliyokamilishwa kwa aibu humdhulumu msomaji kama ile iliyoachwa, tena inamdhulumu kwa siri, kwa kuwa yeye huambiwa kwamba amepokea haki yake.

Lakini hoja hiyo, ingawa ina nguvu, haitoshi kumwondolea Newell lawama. Inaeleza kwa nini sehemu ya tatu haikuundwa. Haielezi ukimya. Kama sababu ya kutomaliza ni kuwaheshimu wachezaji, heshima hiyo ingewafikia vipi ikiwa hawakuambiwa? Kutoka kilio kile cha gizani cha mwaka 2007 hadi maelezo ya mwaka 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anakaribia kupiga kura.

Turejee kwa Ryo pangoni. Juni 2015 Suzuki alijitokeza mbele ya umati wa wachezaji na kuomba michango kwa njia ya mtandao wa Kickstarter, ili kampuni yake ndogo ya Ys Net, kwa ruhusa ya Sega, iunde sehemu ya tatu. Aliomba dola milioni 2. Zilipatikana kabla ya siku moja kwisha, na mchango ulipofungwa watu 69,320 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 6.3. Mchezo uliahidiwa Desemba 2017. Ulitoka tarehe 19 Novemba 2019. Katikati ya mwaka huo wa 2019 palizuka mgogoro, kwa sababu nakala za kompyuta ambazo wachangiaji walitarajia kuzipata kwenye duka la mtandaoni walilolizoea, Steam, zilihamishiwa kwenye duka la Epic, hadi ikabidi wasioridhika waahidiwe kurudishiwa fedha zao. Na baada ya yote hayo, Shenmue III haikukimaliza kisa. Ryo anakutana na Lan Di ana kwa ana, anashindwa, na anaanza tena safari, safari hii juu ya Ukuta Mkuu wa China.

Wapo waliocheka: miaka 18 na mamilioni ya dola, na mwisho haukuonekana. Mimi sicheki. Najiuliza watu wale 69,320 walinunua nini hasa. Tangazo la Suzuki halikuwaahidi mwisho wa kisa. Liliwaahidi sehemu ya tatu, nayo waliipata. Naamini wengi wao walilipia jambo jingine, nalo ni kusikia kutoka kinywani mwa mtunzi mwenyewe kwamba kijana aliyeachwa pangoni hakusahauliwa. Kulipa fedha nyingi kiasi hicho ili kuambiwa neno kunaonyesha jinsi neno lenyewe lilivyokuwa limeadimika.

Na tuwe waadilifu: hadhira nayo ina sehemu yake. Alfu Lela U Lela inatufundisha jambo ambalo mara nyingi tunalisoma juujuu. Shahrazadi alikuwa bingwa wa kukikata kisa alfajiri, nasi tunamsifu kwa hila hiyo. Lakini angalia upanga uko upande gani. Msimuliaji ndiye aliye katika hatari; asipoendelea kesho yake, shingo inakatwa. Soko la michezo hii limempa mnunuzi upanga wa Sultani bila ya kumpa hata subira ya Sultani. Akichoka usiku wa kwanza, msimuliaji hupoteza kazi, na usiku wa pili haupo. Kisha haohao ambao hawakuinunua Shenmue mwaka 1999, wakaja kuikopa kwa marafiki au kuiokota kwa bei ya chini miaka kumi baadaye, huwa wa mbele kulalamika kwamba kisa hakikuendelezwa. Mdai asiyetoa kitu ni mdai wa namna gani?

Ikiwa basi mtunzi hawezi kuahidi kwa yakini kitu ambacho fedha na mashine za watu wengine ndizo zitakazokiamua, na ikiwa hadhira haiwezi kumlazimisha amalize ovyo, deni linabaki wapi? Nasema yamebaki mambo mawili, na yote mawili yako ndani ya uwezo wa mtunzi, awe tajiri au maskini.

Jambo la kwanza ni kwamba sehemu inayouzwa leo imtosheleze anayeinunua leo. Chaucer wa Uingereza alipofariki mwaka 1400 aliacha Canterbury Tales ikiwa mbali sana na mpango wake. Kwa mujibu wa dibaji yake kila msafiri angesimulia hadithi nne, na wasafiri walikuwa kama 30. Zilizopo ni 24 tu, baadhi zikiwa zimekatika. Hata hivyo hakuna msomaji anayejiona ametapeliwa, kwa sababu hadithi nyingi kati ya zile zimesimama kwa miguu yake zenyewe. Msafara haukufika, lakini kila kituo kilikuwa na maji. Kwa kipimo hiki Shenmue ya kwanza inajitetea vizuri kuliko inavyodhaniwa. Anayeisoma kama kisa cha kisasi ataona imekatika. Anayeiishi atagundua kwamba uzito wake uko katika zile siku za kawaida za Yokosuka, za kijana aliyefiwa anayelazimika kungoja duka lifunguliwe, kumjulia hali paka, kurudi nyumbani kabla ya usiku kuwa mwingi. Msiba ndivyo ulivyo. Huja na kusubiri kwingi na shughuli ndogo ndogo, na muuaji hapatikani kesho. Siku hizo zilikamilika, na hakuna sehemu ya pili wala ya kumi inayoweza kuzipunguza. Kinyume chake ni sehemu iliyojengwa kuwa daraja tu, ambayo bila ya ng'ambo yake haina kazi. Kuiuza hiyo kana kwamba ni nyumba ndiko kuuza mlango alikokusema mpwa wangu, na hapo lawama yake ni ya haki.

Jambo la pili ni zito zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lililovunjwa mara nyingi: anayesimama hana budi kusema kwamba amesimama. Sisi watu wa pwani tunajua namna ya kufiwa. Maiti huzikwa, watu hukaa matanga, na siku zikitimia matanga huanuliwa. Mikeka inakunjwa na waliofiwa wanaruhusiwa kurudi katika shughuli za dunia. Hakuna anayedhani kwamba huzuni imekwisha siku hiyo. Lakini desturi imewapa waliofiwa mpaka wa kusimama juu yake. Asiyepewa mpaka huo ni mke wa baharia ambaye chombo chake hakikurudi wala hakikusikika kuzama. Yeye hana matanga ya kuanua. Kila tanga litokezalo upeoni ni lake, na kila likigeuka kuwa la mwingine anafiwa upya.

Kampuni nyingi zimewaweka wachezaji wao katika hali ya mwanamke huyo, na si kwa ukatili. Zimefanya hivyo kwa hesabu. Jina lisilotangazwa kufa linaweza kuuzwa tena siku moja. Kutangaza ni kufunga mlango wa fedha. Nasema hesabu hiyo ni mbovu hata kwa kipimo chake. Kaditama ya ukweli, ile isemayo "hapa ndipo tulipofika, hatuna ahadi ya zaidi", haizuii kazi kufufuka. Daqiqi, mshairi wa Uajemi, aliianza habari ya wafalme wa kale, akauawa akiwa ametunga kiasi cha beti elfu moja. Kifo chake kilijulikana. Firdausi akazichukua beti zile, akazitia ndani ya Shahnameh yake aliyoikamilisha mwaka 1010, akamtaja mwenyewe kwa jina, ingawa hakuuficha ukosoaji wake juu ya ufundi wa beti hizo. Aliyejulikana kuwa ameondoka alipata mrithi. Angalikuwa anangojewa tu, nani angethubutu kuigusa kalamu yake?

Ndiyo maana niliiita barua ya Laidlaw ya thamani, ingawa haikulipa deni la mchezo. Alikuwa amekwisha kuondoka, hakuwa na mali katika jina lile, wala hakuwa na mafundi wa kuunda chochote. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuwaambia watu kwamba safari ilikuwa ielekee kule, na kwamba yeye haendi tena. Kwa barua moja aliwaanulia watu matanga ya miaka kumi. Baadhi yao walikunja mikeka. Wengine waliichukua barua na kuanza kuunda sehemu hiyo wao wenyewe, kama warithi. Yote mawili yaliwezekana kwa sababu mtu mmoja alisema.

Deni kubwa la msimuliaji, basi, si mwisho wa kisa. Mwisho una mikono mingi, na mingi kati ya hiyo si yake. Deni lake ni kaditama, na kaditama haigharimu dola milioni 47. Mshairi wetu wa utenzi aliilipa kwa ubeti mmoja au miwili: jina lake, siku yake, na hesabu ya alichofikisha. Aliyekusudia beti elfu akafikisha mia tatu, naandike mia tatu, atie jina lake, na awape waliomsikiliza ruhusa ya kwenda majumbani mwao.